Mkulima Mdogo wa India, Teknolojia na Mwaka Mbaya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na maafisa ugani, wanafunzi wa kilimo na viongozi wa ushirika kila mazungumzo yanapofika India. Nimeyapanga jinsi yanavyofuatana katika maongezi. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe lina mengi, na mengine yametoshwa na mistari michache.

Tunaposema "mkulima mdogo" wa India tunamzungumzia nani?

Sensa ya kilimo ya 2015-16 ilihesabu mashamba takribani milioni 146. Wastani wa shamba moja ulikuwa hekta 1.08, yaani ekari mbili na nusu na kidogo. Wenye chini ya hekta 2 walikuwa asilimia 86 ya wakulima wote, lakini ardhi waliyoilima haikufika nusu ya ardhi yote ya kilimo.

Ukubwa wa shamba peke yake hauelezi mengi. Ekari mbili za Punjab zenye kisima na umeme si sawa na ekari mbili za Marathwada zinazongoja mvua. Tena kuna wapangaji, wanaolima shamba la mtu kwa makubaliano ya mdomo. Hati haina jina lao, kwa hiyo mkopo wa benki, ruzuku na fidia ya bima huenda kwa mwenye ardhi, na hasara hubaki kwa aliyeshika jembe. Takwimu nyingi za kilimo cha India humsahau mtu huyu, nami naomba msomaji amkumbuke katika kila jibu linalofuata.

Kwa nini wakulima hawa hukawia kupokea mbinu mpya? Ni elimu ndogo?

Hapana. Jibu hilo limewapoteza wataalamu wengi.

Chukua mkulima anayeletewa mbegu mpya. Mwaka mzuri itampa magunia kadhaa zaidi ya mbegu yake ya zamani. Lakini inataka mbolea, na mbolea inataka mkopo. Mvua ikikata mwezi wa pili wa msimu, mbegu ya zamani ingempa chakula cha kusogeza siku, ila hii mpya itamwachia deni. Mwenye akiba atameza hasara hiyo na kuendelea. Asiye na akiba atauza maksai, au atamtoa mtoto shuleni, au ataiweka ardhi rehani. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na mkulima wa Telangana anaishi kwa hesabu hiyohiyo ingawa Kiswahili hajapata kukisikia.

Watafiti Mark Rosenzweig na Hans Binswanger waliipima hesabu hii kwa takwimu za vijiji vya nyanda kame za India, wakachapisha matokeo mwaka 1993. Mahali ambapo siku ya kuanza mvua haitabiriki, maskini walichagua kilimo salama chenye faida ndogo. Matajiri wa vijiji hivyohivyo hawakubadili chochote. Mvua ilikuwa moja na elimu ya kilimo iliyopatikana ilikuwa moja. Walichotofautiana ni nani anaweza kuanguka na kuinuka.

Kwa hiyo swali la kumuuliza anayeleta teknolojia ni hili: mwaka mbaya ukija, mkulima atabaki na nini?

Hatari zenyewe ni zipi?

Kubwa kuliko zote ni mvua. Takribani robo tatu ya mvua ya mwaka India hunyesha kati ya Juni na Septemba, na karibu nusu ya ardhi inayolimwa haina umwagiliaji wowote. Watu wa mwambao wetu wanaujua upepo unaoileta mvua hiyo: ni huu wa kusi, unaopita pwani ya Kenya na Somalia, ukageuka baharini na kuingia Kerala mnamo tarehe 1 Juni, ukikawia au kuwahi kwa siku chache.

Kuwahi au kukawia si balaa kubwa kama mvua ya uongo. Mvua inanyesha siku tatu, mkulima anapanda, kisha jua linawaka wiki mbili na mbegu inafia ardhini. Hapo inabidi anunue mbegu mara ya pili, mara nyingi kwa mkopo wenye riba kali kuliko wa kwanza.

Baada ya mvua kuna wadudu, bei inayoporomoka siku ya mavuno, ugonjwa nyumbani, kisima kinachokauka. Halafu kuna amri za serikali, ambazo watu wengi hawazihesabu kama hatari. India ilizuia ngano kuuzwa nje Mei 2022, mchele mweupe usio basmati Julai 2023, na vitunguu Desemba 2023. Nia ilikuwa kumlinda mlaji wa mjini. Mkulima wa vitunguu wa Nashik aliyekuwa amejaza ghala alilipa gharama ya ulinzi huo.

Kabla ya bima na miradi, watu walijikinga vipi?

Kwa werevu mwingi. Tunalijua hili vizuri kwa sababu taasisi ya utafiti ya ICRISAT, iliyoanzishwa Patancheru karibu na Hyderabad mwaka 1972, iliweka wadadisi vijijini kuanzia 1975. Vijiji vya Aurepalle, Shirapur na Kanzara vilifuatiliwa mwaka baada ya mwaka: nani amepanda nini, amekopa kwa nani, amekula nini.

Watu walichanganya mtama na mbaazi katika shamba moja, ili mvua ikikata mapema mtama uwe umeshaiva, na ikichelewa mbaazi ipate yake. Walilima vipande vilivyotawanyika, bondeni na mwinuko. Walifanya vibarua. Walikopeshana bila riba ndani ya jati zao, yaani koo na matabaka ya kuzaliwa. Kwa vijiji hivyo, Rosenzweig na Oded Stark walionyesha pia kwamba familia huwaoza mabinti vijiji vya mbali, kwa sababu ukame ukipiga kwa baba, kwa mkwe huenda kumenyesha, na msaada utatoka huko. Undugu wa ndoa ukawa bima.

Robert Townsend alipochunguza takwimu hizo mwaka 1994 aliona kwamba nyumba moja ikipata pigo, chakula chake hakipungui sana kama mapato yake yalivyopungua. Kijiji humbeba mwenzao, ingawa si kikamilifu, na asiye na ardhi hubebwa kwa udhaifu zaidi.

Kasoro ya kinga hii ni kwamba ukame haupigi nyumba moja. Kijiji kizima kikianguka pamoja, hakuna wa kumkopesha mwenzake. Hapo maksai huuzwa, na kwa kuwa kila mtu anauza, bei yao huanguka. Mvua za mwaka unaofuata zinakuja, na mkulima hana cha kukokota jembe. Ukame wa mwaka mmoja unakula misimu miwili.

Kama wakulima ni waangalifu hivyo, Mapinduzi ya Kijani, yaani kuenea kwa mbegu mpya zenye mavuno makubwa, yalisambaaje haraka?

Mwaka 1966 India iliagiza tani 18,000 za mbegu ya ngano fupi kutoka Mexico. Mtafiti Norman Borlaug ndiye aliyeizalisha mbegu hiyo, mwanasayansi M. S. Swaminathan akaipigania nchini India, na C. Subramaniam, aliyekuwa waziri wa kilimo, akakubali kubeba lawama endapo ingeshindwa. Mavuno ya ngano yalipanda kutoka tani milioni 12 hivi mwaka 1965 hadi milioni 20 mwaka 1970.

Ilishika wapi? Punjab, Haryana na magharibi mwa Uttar Pradesh, mahali penye mifereji na visima. Pia serikali ilitangaza bei ya chini ambayo yenyewe ingenunua. Mkulima wa Punjab aliondolewa hofu mbili kubwa, ya maji na ya soko, kabla hajaombwa kubadili mbegu. Wanaosimulia mapinduzi hayo kama hadithi ya mbegu tu wanaliruka jambo hili.

Ngano ilienda mbio kuliko mpunga, na Kaivan Munshi alieleza sababu mwaka 2004. Wakulima wa ngano walitazama shamba la jirani na kufuata. Wakulima wa mpunga hawakuweza kuiga kwa wepesi huo, kwa kuwa mbegu za mpunga za wakati ule zilibadilika sana kufuatana na udongo na maji. Mafanikio ya jirani hayakumhakikishia mtu kwamba kwake yatatokea, hivyo ilimbidi ajaribu mwenyewe kwenye kipande chake. Afisa ugani ajiulize: zao ninalolihimiza ni la kuiga au la kujaribu? Likiwa la kujaribu, shamba darasa moja kwa kata nzima halitoshi.

Kuna teknolojia ambayo yenyewe inapunguza hatari?

Ipo, na kwangu hii ndiyo habari nzuri kuliko zote katika ukurasa huu.

Odisha, mashariki mwa India, hufurika. Mpunga unapenda maji, lakini ukizamishwa wote kwa zaidi ya wiki moja hivi hufa. Ilikuwapo mbegu ya jadi ya hukohuko Odisha, FR13A, yenye uwezo wa kuzama na kufufuka, ila mazao yake yalikuwa machache. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga ya Ufilipino na washirika wake waliitambua jeni inayohusika, wakaihamisha kwa kuzalisha mimea kwa njia ya kawaida wakiongozwa na vipimo vya maabara, mpaka ndani ya Swarna, mbegu iliyokwisha kupendwa na mamilioni ya Wahindi. Mbegu mpya, Swarna-Sub1, iliidhinishwa India mwaka 2009. Huvumilia kuzama kwa takribani wiki mbili. Mwaka usio na mafuriko huzaa sawasawa na Swarna ya kawaida, na wali wake una ladha ileile. Mkulima hakutakiwa kujifunza kilimo kipya wala kununua kitu cha ziada.

Kilichofuata ndicho kinachonigusa. Watafiti wakiongozwa na Kyle Emerick waligawa pakiti ndogo za kilo 5 kwa wakulima wachache katika vijiji vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu, kisha wakafuatilia. Waliopata mbegu ile hawakutulia tu wakingoja mafuriko. Mwaka uliofuata walipanua eneo, wakaongeza mbolea, wakaacha kumwaga mbegu na kuanza kuhamisha miche, na wakatumia zaidi mikopo ambayo awali waliiogopa. Sehemu kubwa ya faida ya mbegu ile ilikuja hata pasipo mafuriko, kwa sababu mtu aliyepunguziwa hofu ya mwaka mbaya alithubutu kuuwekezea mwaka mzuri.

Jambo lingine: mabondeni, ambako maji hutuama muda mrefu, ndiko walikosukumwa watu wa matabaka yaliyodharauliwa tangu zamani. Kwa hiyo mbegu hii iliwafaidi wao kuliko wengine. Ni nadra sana teknolojia ya kilimo kumfikia kwanza aliye chini kabisa, na hapa haikuhitajika hotuba yoyote ya usawa, ilitosha watafiti kuchagua tatizo la bondeni.

Na pamba yenye jeni ya Bt, inayoufanya mmea wenyewe utoe sumu ya funza? Ilikuwa neema au balaa?

Nyakati tofauti ilikuwa yote mawili, na atakayekupa nusu moja ya habari anakunyima nyingine.

Mwaka 2001 funza wa vitumba walishambulia pamba ya Gujarat vibaya. Katikati ya uharibifu huo mashamba fulani yalisimama bila kuguswa. Yalikuwa yamepandwa mbegu yenye jeni ya Bt isiyo na kibali. Serikali ikataka kuyachoma, wakulima wakakataa. Machi 2002 mbegu za namna hiyo zikaidhinishwa rasmi, na katika miaka kumi na kitu zikawa zimechukua zaidi ya asilimia 90 ya eneo la pamba. Hawa ni watu walewale wanaoambiwa kila siku kwamba wanaogopa mageuzi. Walichokimbilia kilikuwa kinga ya hasara waliyoifahamu kwa jina.

Lakini mbegu hizo zilikuwa chotara, za kununuliwa upya kila msimu, na zikapandwa hata kwenye udongo mwepesi usio na maji, ambako mvua ikikosekana gharama yote hupotea. Ushauri wa kuacha mistari ya pamba ya kawaida pembeni ili wadudu wasizoee sumu haukufuatwa na wengi. Nani mwenye ekari mbili atawaachia funza sehemu yake? Funza wa rangi ya waridi akaizoea jeni ya kwanza, na kufikia katikati ya miaka ya 2010 akawa ameizoea na ya pili iliyoongezwa baadaye. Dawa za kupulizia zikarudi. Mwaka 2017, wilayani Yavatmal, Maharashtra, zaidi ya wakulima na vibarua 20 walikufa kwa sumu ya dawa walizopulizia kwa mabomba ya mgongoni, wengi bila glovu wala barakoa, pamba ikiwa imewapita kimo.

Kinga inayotumiwa na wote kwa namna moja huchakaa. Inapoanza kutumika ndipo pa kupanga itakayofuata.

Bima ya mvua ilijaribiwa India mapema. Kwa nini haikushika?

Mwaka 2003 bima ya kipimo cha mvua iliuzwa kwa mara ya kwanza kwa wakulima wa karanga na nyonyo wilaya ya Mahbubnagar. Mpango ulikuwa mzuri: kituo cha hali ya hewa kinapima mvua, ikipungua chini ya kiwango fulani kila mwenye bima analipwa, bila mtu kuja kukagua shamba, bila rushwa, bila kungoja. Wataalamu walitarajia watu wapange foleni.

Hawakupanga. Shawn Cole na wenzake walitumia miaka kadhaa Gujarat na Andhra Pradesh kutafuta sababu. Bei ilikuwa sababu moja. Fedha mkononi ilikuwa ya pili: bima huuzwa mwanzo wa msimu, wakati ambapo kila senti inakwenda kwenye mbegu na mbolea, na waliopewa fedha taslimu kidogo siku ya kuuziwa walinunua kwa wingi zaidi. Sababu ya tatu ilikuwa uaminifu. Muuzaji akitambulishwa na mtu au shirika ambalo kijiji kinaliamini, mauzo yalipanda. Jambo hili halipaswi kumshangaza mtu yeyote. Unatoa fedha leo kwa mgeni, akiahidi kukulipa siku ambayo wewe huna nguvu ya kumdai.

Sababu ya nne ni pengo kati ya kipimo na shamba. Kituo kiko kilomita kumi na tano kutoka shambani kwako. Kule imenyesha, kwako vumbi. Umelipa bima, mazao yamekufa, na karatasi inasema mvua ilitosha. Mkulima wa namna hiyo ameingia hasara mara mbili, na jirani aliyekataa bima ameonekana mwenye busara. Kosa moja kama hilo hufuta imani ya kijiji kizima.

Hata hivyo bima ilipopatikana, ilibadilisha mwenendo. Cole, Xavier Giné na James Vickery walipowapa wakulima bima, hawa waliongeza mazao ya biashara yanayotegemea mvua. Ni somo la Odisha tena, kwa njia nyingine.

Bima ya serikali ya sasa inafanyaje kazi?

Inaitwa Pradhan Mantri Fasal Bima Yojana na ilianza 2016. Mkulima hulipa asilimia 2 ya thamani iliyokatiwa bima kwa mazao ya chakula na mbegu za mafuta ya msimu wa mvua, 1.5 kwa ya msimu wa baridi, na 5 kwa mazao ya biashara na bustani. Kinachobaki kinalipwa na serikali kuu na ya jimbo. Hasara ya eneo hukadiriwa kwa kuvuna vipande vya mfano na kupima. Kwa mvua ya mawe au mafuriko ya shamba moja, mkulima hutakiwa kutoa taarifa ndani ya saa 72.

Mwanzoni aliyekopa benki alikatwa moja kwa moja. Tangu msimu wa mvua wa 2020 ni hiari. Majimbo kadhaa yamewahi kujitoa, Bihar ikaanzisha mpango wake mwaka 2018 usiomtoza mkulima chochote. Malalamiko ya kudumu ni ucheleweshaji: jimbo likichelewa kutoa mchango wake, kampuni hailipi, na fidia ya msimu huu inafika baada ya kupanda msimu ujao. Fidia iliyochelewa humkuta mkulima ameshakopa kwa mlanguzi.

Mikopo je?

Tangu 1998 ipo Kadi ya Mkopo ya Mkulima, inayomruhusu mtu kuchukua na kurudisha fedha kulingana na msimu. Riba ni asilimia 7, na anayelipa kwa wakati hurudishiwa 3, ikabaki 4. Ni riba ambayo mkulima mdogo wa Afrika Mashariki haipati kwa urahisi. Juu ya hiyo, tangu 2019 serikali inatuma rupia 6,000 kwa mwaka, kwa awamu tatu, kwenye akaunti za familia zenye ardhi.

Zenye ardhi. Mpangaji hayumo. Yeye anakopa kwa muuza pembejeo, ambaye pia ndiye mnunuzi wa mavuno, kwa bei anayoipanga mwenyewe. Mwaka 2022 ofisi ya taifa ya takwimu za uhalifu iliandika watu 11,290 wa sekta ya kilimo waliojiua, na zaidi ya nusu yao walikuwa vibarua wa mashambani. Sababu za kila kifo ni zake na sitazifupisha, ila deni hutajwa mara kwa mara mno kwa mtu kulipuuza.

Simu zimesaidia kweli, au ni maneno?

Inategemea simu inaleta nini.

Marcel Fafchamps na Bart Minten waliwapa wakulima wa Maharashtra huduma ya ujumbe wa bei na hali ya hewa. Kwa wastani, bei waliyoipata haikuongezeka. Kinyume chake, Aparajita Goyal alichunguza vibanda vya intaneti vya e-Choupal, vilivyofunguliwa Madhya Pradesh kuanzia mwaka 2000, akaona bei ya soya ilipanda kidogo, hata katika masoko ya kawaida. Tofauti iko wapi? E-Choupal haikutangaza bei tu, nyuma yake alikuwepo mnunuzi mwenye mizani ya haki. Kujua bei ya mjini hakumsaidii mtu asiye na namna ya kuufikia mji.

Ushauri wa kilimo nao una habari nzuri. Gujarat, wakulima wa pamba walipewa namba ya kupiga, wakauliza kwa sauti na kwa lugha yao, wakajibiwa na mtaalamu, tena wakasikia maswali ya wenzao. Walibadili dawa na mbegu walizotumia. Serikali nayo ina kituo cha simu cha bure tangu 2004. Na Digital Green, iliyoanza 2006, ilirekodi video za wakulima wenyewe wakionyesha kazi, zikaoneshwa katika vikundi vya kijiji. Watazamaji waliuliza kwanza: huyu anatoka kijiji gani? Aliye jirani aliaminika.

Akili mnemba imefika?

Imefika kwenye utabiri. Mwaka 2025 wizara ya kilimo ilituma kwa ujumbe wa simu utabiri wa kuanza kwa mvua, uliotengenezwa kwa akili mnemba, kwa takribani wakulima milioni 38, wiki kadhaa kabla. Kumbuka ile mvua ya uongo. Mtu akiambiwa mapema kwamba mvua ya kwanza haitadumu, anaweza kuokoa gharama nzima ya mbegu. Utabiri huo nauweka juu kuliko droni za kupulizia dawa.

Visima na pampu za jua ni suluhisho?

Kisima ni bima bora ya mvua ambayo mkulima anaweza kuimiliki, na ndiyo maana India inavuta maji ya ardhini kuliko nchi yoyote. Ila katika miamba ya nyanda za Deccan kuchimba ni bahati nasibu. Unakopa, mashine inatoboa mita mia mbili, linatoka vumbi. Jirani naye anachimba zaidi yako, kisima chako kinakauka. Kinga ya mmoja inakuwa hatari ya wote. Punjab, ambako umeme wa kilimo ni wa bure, ilibidi itunge sheria mwaka 2009 kuzuia kuhamisha miche ya mpunga kabla ya tarehe 10 Juni ili maji yasivutwe wakati wa jua kali.

Mpango wa pampu za jua wa 2019, PM-KUSUM, hulipa asilimia 60 ya gharama kwa ruzuku ya serikali kuu na jimbo. Unamwondolea mkulima dizeli na kazi ya kumwagilia usiku penye nyoka. Lakini jua halina bili, na pampu isiyo na bili haizimwi. Mahali maji yako juu, kama Bihar, naziunga mkono kwa moyo wote. Mahali yanazama kila mwaka, zisiende bila umwagiliaji wa matone.

Ekari mbili zinahitaji trekta?

Zinahitaji trekta kwa saa tatu, basi. Ndiyo sababu vituo vya kukodisha zana vimeenea vijijini na India imekuwa soko kubwa la matrekta kuliko yote duniani kwa idadi. Kukodi humwondolea mtu mtaji na matengenezo. Tatizo ni foleni: siku mvua inapoanguka wote wanaitaka mashine ileile.

Wanawake wako wapi katika haya?

Shambani, wakipanda miche, wakipalilia, wakikamua. Kwenye hati za ardhi, wachache. Na ruzuku nyingi hufuata hati. Palipofunguka mlango ni kwenye vikundi: benki zilianza kukopesha vikundi vya wanawake mwaka 1992, na SEWA, chama cha wanawake wanaojiajiri alichokianzisha Ela Bhatt mjini Ahmedabad mwaka 1972, kilikuwa mmoja wa wauzaji wa ile bima ya mvua Gujarat, kwa kuwa wanawake walikiamini. Mwaka 2023 serikali iliidhinisha mpango wa kuvipa vikundi 15,000 droni za kupulizia kwa ruzuku ya asilimia 80. Mwanamke kuitwa rubani kijijini ni jambo la heshima. Nitauridhia zaidi mpango huo jina lake litakapoingia kwenye hati ya shamba.

Ushirika unaingiaje?

Muulize mfugaji wa Anand, Gujarat. Ushirika wa maziwa uliozaa chapa ya Amul ulianzishwa 1946 chini ya Tribhuvandas Patel. Verghese Kurien akajiunga miaka michache baadaye. Asubuhi na jioni mwanamke hupeleka lita zake tatu kwenye kituo cha kijiji, zinapimwa mafuta mbele yake, naye hulipwa kwa kipimo hicho. Pamba hulipa mara moja kwa mwaka, maziwa hulipa wiki hii. Nyati mmoja aliyefungwa uani hukinga nyumba katika miezi ambayo shamba halina kitu.

Na teknolojia iliyookoa ushirika ule ilikuwa kiwandani: mtaalamu wake wa maziwa, H. M. Dalaya, alipofanikiwa kutengeneza unga kutokana na maziwa ya nyati, jambo ambalo wataalamu wa nje walisema haliwezekani, maziwa ya msimu wa wingi hayakumwagwa tena. Wanachama waliokuwa na nyati wawili watatu walikuwa wamiliki wa mtambo ambao hakuna hata mmoja wao angeweza kuununua.

Mambo haya yanatuhusu nini Tanzania na Kenya?

Mengi hayatuhusu moja kwa moja. Udongo ni mwingine, ruzuku ni nyingine. Lakini mbaazi inatuunganisha. Mkulima wa Lindi na Mtwara hapandi mbaazi kwa ajili ya sufuria yake peke yake, anampandia mlaji wa India, anayeipika kuwa dal, mchuzi wake wa kila siku. Agosti 2017, India ilipovuna nyingi, iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi za kutoka nje. Kusini mwa Tanzania bei iliporomoka, wengine wakaziacha shambani. Amri ile ilitolewa kumkinga mkulima mdogo wa Maharashtra na Karnataka dhidi ya mwaka wa bei mbaya. Hasara yake ilivuka bahari ikamwangukia mkulima mdogo mwingine, mwenye ekari zilezile mbili, asiye na bei ya chini ya serikali wala bima. Milango ilifunguliwa tena Mei 2021.